Siku 332 za Kaka

Mimi si mwanajeshi na sijawahi kushika bunduki. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa yale ambayo mgeni akiuliza unajibu "bado tunaangalia angalia", na tangu siku hiyo ninaandika riwaya ambayo haijaisha. Lakini somo kubwa la uandishi nililopata mpaka leo sikulipata kwa mwandishi. Nililipata kwa kaka yangu, afisa wa jeshi la akiba huko Marekani, na lilihusu tarehe moja tu.

Kaka aliondoka hapa Dar es Salaam kwa ile bahati nasibu ya viza. Kule alibeba maboksi, akasoma uuguzi, akapata uraia, kisha akaingia National Guard, yaani jeshi la akiba la majimbo. Jeshi hilo lina mabwana wawili, gavana wa jimbo na rais wa nchi. Askari wake wengi ni watu wenye kazi zao za uraiani. Kwa kawaida huenda mazoezini wikiendi moja kila mwezi na wiki mbili hivi kila mwaka. Kaka Jumamosi alikuwa kapteni, Jumatatu anabadilisha mashuka wodini.

Desemba 2022 alikuja likizo. Sisi tulikuwa tunangoja viatu na simu. Alileta, sikatai, lakini chini kabisa ya begi alikuwa na faili nene kama msahafu. Usiku wa pili, mama alipokwisha kulala, akalitua juu ya meza.

"Mdogo wangu, wewe si mwandishi?"

"Najaribu, kaka."

"Basi nipangie hadithi hii. Mimi imenishinda kwa sababu nina hasira nayo."

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Tarehe 14 Machi 2021 jimbo lake lilimpandisha cheo kutoka kapteni kuwa meja. Karatasi ipo, ina muhuri. Lakini afisa wa jeshi hilo akishapandishwa na jimbo, lazima serikali kuu nayo imtambue katika cheo kipya. Jalada lake husafiri ofisi hadi ofisi, jina lake huingizwa katika orodha ndefu pamoja na majina ya wenzake, orodha hiyo hungoja saini ya mkubwa. Mpaka hapo, mbele ya serikali kuu, yeye bado ni yule yule wa zamani. Jalada la kaka lilikwama katika ofisi fulani ambayo sitaitaja. Utambuzi ulitoka tarehe 9 Februari 2022, na tarehe hiyo ndiyo iliyoandikwa kuwa siku aliyokuwa meja. Nilihesabu kwa kalenda ya ukutani, mwezi kwa mwezi. Siku 332.

Nikamwuliza kijinga, "Sasa si umeshakuwa meja? Unahangaikia nini tena?"

Akacheka kile kicheko chake kisicho na furaha. Akanieleza kwamba jeshini mameja wawili wakikutana, mkubwa ni yule ambaye tarehe yake imetangulia. Kuna mwenzake ambaye jimbo lake lilimpandisha baada ya kaka, lakini jalada lake likapita upesi. Leo, ikitokea la kuamua nani ashike usukani, ni yule mwenzake. Halafu miaka ya kukaa katika cheo huhesabiwa kuanzia tarehe hiyo, na ndiyo inayosema lini utafikiriwa kwa cheo kinachofuata. Na kwa siku zote zile 332 alikuwa amekalia kiti cha meja, anafanya kazi ya meja, analipwa ukapteni.

"Mali bila daftari hupotea bila habari," nikasema, kwa kujionyesha kwamba najua methali.

"Daftari lipo," akajibu. "Limeandikwa uongo."

Basi nikakaa na faili lile siku tatu. Nikaona mambo ambayo sikuyajua. Kumbe zamani huko Marekani askari mwenye kosa katika kumbukumbu zake ilimbidi amwendee mbunge wake, na Bunge litunge sheria kwa ajili ya mtu huyo mmoja. Maombi yakawa mengi mno. Mwaka 1946 Bunge likakataza miswada ya namna hiyo, likaruhusu wizara zenyewe kusahihisha kumbukumbu kupitia bodi za raia. Kwa jeshi la nchi kavu, shauri huamuliwa na jopo la raia watatu. Unatakiwa uombe ndani ya miaka 3 tangu ugundue kosa, ingawa bodi inaweza kukusamehe kuchelewa ikiona haki inataka hivyo. Ila bodi huanza kwa kudhani kwamba ofisi ilitenda sawasawa. Mzigo wa kuonyesha kinyume ni wa mwombaji.

Sheria nyingine iligusa hasa watu kama kaka. Wakati ule ilisema kwamba kama utambuzi ulicheleweshwa kupita kiasi, na kuchelewa huko hakukutokana na afisa mwenyewe, tarehe iliweza kurudishwa nyuma, lakini isivuke ile tarehe aliyopandishwa na jimbo. Nikaisoma mara nne. Kumbe kesi yote ilikuwa juu ya maneno machache: hakukutokana na afisa mwenyewe.

Nikaandika ukurasa wa kwanza kwa Kiswahili, yeye angeutia Kiingereza. Bwana, niliandika! Niliweka "moyo uliojaa uchungu", nikaweka "dhuluma isiyosemeka", nikamfananisha kaka na mkulima aliyelima shamba likavunwa na nyani. Nikampa nikingoja sifa. Akachukua kalamu nyekundu, akafuta mkulima, akafuta nyani, akafuta moyo.

"Hawa watu watatu hawanijui," akasema. "Uchungu wangu hauna tarehe. Andika kilichotokea, siku kilipotokea, na karatasi inayoonyesha."

Niliumia, sitaficha. Lakini nikaanza upya. Nikatandika karatasi sakafuni kwa tarehe, kuanzia mlangoni mpaka chini ya kabati. Amri ya jimbo. Barua pepe ya kwanza ya kuulizia. Jibu: subiri. Barua ya pili. Jibu: subiri. Kisha Agosti 2021 ofisi inasema jalada limerudishwa kwa sababu cheti chake cha afya hakimo. Hapo nikasimama. Nilikuwa nimekwisha kukiona cheti hicho mahali. Nikapiga magoti, nikarudi nyuma karatasi kwa karatasi, mpaka karibu na mguu wa kiti: barua ya tarehe 2 Juni 2021, kaka anakituma cheti, na chini yake jibu la ofisi hiyo hiyo, mstari mmoja, kwamba wamekipokea.

Nikapiga kelele mpaka mama akaamka.

Kaka aliishika karatasi ile muda mrefu. Alikuwa ameihifadhi mwenyewe, ila kwa hasira hakuwahi kuisoma ikiwa kando ya ile ya Agosti.

Lakini katika kupanga nilikuta na nyingine mbaya. Oktoba ofisi ilimwuliza swali, naye akakaa siku 11 bila kujibu; alikuwa zamu za usiku. Nikamwambia kwa sauti ya chini, kaka, hii tuiache tu, nani atajua? Akaniangalia kama ananiona kwa mara ya kwanza.

"Hizo siku 11 ni zangu," akasema. "Ziandike. Nikificha zangu, nitawadai vipi za kwao?"

Nikaziandika. Maelezo yote yakawa kurasa mbili, hayana tamathali hata moja. Januari 2023 akarudi, akayatuma.

Tukangoja. Mwaka huo huo gazetini likaja jambo kubwa: kuanzia Februari hadi Desemba 2023 seneta mmoja wa Marekani, Tommy Tuberville, alizuia kupandishwa vyeo kwa maafisa wakuu zaidi ya 400, akipinga sera ya wizara ya ulinzi kuhusu utoaji mimba. Kijiweni wakaniambia, "Si ndiyo kesi ya braza wako hiyo?" Nikawaambia hapana. Wale walizuiwa mchana kweupe, kila mtu anajua jina la aliyewazuia na sababu yake. Kaka hakuzuiwa na mtu. Jalada lake lilikaa tu chini ya jalada jingine, na aliyeliweka pale huenda hata hakumbuki.

Jibu lilikuja katikati ya mwaka 2024. Bodi ilikubali. Tarehe yake ikarudishwa 14 Machi 2021, na tofauti ya mshahara wa siku alizotumikia akalipwa. Hazikuwa fedha za kujengea nyumba. Alipiga simu usiku, akanisomea uamuzi, na katikati ya Kiingereza kile kigumu nikasikia ile barua ya tarehe 2 Juni ikitajwa. Mstari mmoja wa mtu aliyesema amepokea. Sijawahi kusikia kitu chochote nilichokishika kwa mkono wangu kikisomwa hivyo na watu wa mbali.

Mama alikuwa amekaa pembeni anasikiliza. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi. Hakusema kitu. Asubuhi yake nilimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, anavuta sanduku la bati. Ndani mlikuwa na barua yake ya kupanda daraja. Barua inataja mwezi mmoja, mshahara ulibadilika miezi 19 baadaye. Sikuwahi kulijua jambo hilo. Miaka yote ile, alipokuwa akikopa karo yangu kwa jirani, sanduku lilikuwa chini ya kitanda nililokuwa nikiliona kila siku.

"Mimi nilisema Mungu atalipa," akaniambia bila kunitazama. "Lakini mwakani kesho kutwa nastaafu. Na hii je, mwanangu, inapangika?"

Riwaya yangu nimeiweka kando kidogo. Karatasi za mama ziko sakafuni, kuanzia mlangoni. Kuna mapengo mawili ambayo sijapata cha kuyajazia, na sijui kama tutashinda. Ila mstari wa kwanza nimekwisha kuuandika. Una tarehe, una jina la mama kwa ukamilifu, na hauna moyo uliojaa uchungu.