Kina cha Mtera Hakisemi Yote

Mvua zikichelewa, redio husoma namba moja: kina cha maji katika Bwawa la Mtera. Mita 691, mita 693, mita 696 juu ya usawa wa bahari. Watu wa Dar es Salaam na Mwanza ambao hawajawahi kulitia bwawa hili machoni wanaijua 690, kwa sababu chini ya hapo mashine za umeme hazitakiwi kuzunguka. Wachache wanaijua pia 698.5, ambapo bwawa limejaa. Mimi ni mmoja wa wanaokwenda kuitafuta hiyo namba ya kina. Kazi yangu ni kupima maji: kina, joto, tope, oksijeni, chumvi. Katika vipimo hivyo vyote, ile namba ya redioni ndiyo rahisi kuipata, na ndiyo inayoficha mengi.

Bwawa lilikamilika mwaka 1980 kwenye Ruaha Mkuu, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Mwanzoni halikufua umeme wowote. Kazi yake ilikuwa kuweka akiba ya maji ya masika ili kituo cha umeme cha Kidatu, chini ya mto, kisikose maji kiangazi. Mashine zake mbili, megawati 40 kila moja, zilianza kazi 1988. Likijaa hutanda zaidi ya kilomita za mraba 600 na kubeba takribani mita za ujazo bilioni 3.2.

Sasa fanya hesabu ambayo redio haifanyi. Mtera si pipa, ni sinia. Kati ya 690 na 698.5 kuna mita 8.5 tu, na mita hizo hazilingani. Mita ya juu kabisa peke yake hubeba karibu moja ya tano ya maji yote, kwa sababu huko juu maji yamelala tambarare. Zile za chini zimebanwa karibu na mkondo wa zamani wa mto na hubeba kidogo sana. Mtu akisikia tuko 693 anadhani imebaki theluthi. Haijabaki theluthi, na haikaribii.

Halafu kuna jua. Siku ya kawaida ya kiangazi Mtera jua hunyanyua milimita 5 hadi 6 za maji. Ukiwatajia wageni milimita 5 wanacheka. Zidisha kwa kilomita za mraba 600, unapata mita za ujazo milioni 3 kwa siku moja. Huo ni mto wa mita za ujazo kama 35 kila sekunde, unaopaa angani bila kupita kwenye mashine yoyote. Na hiyo ndiyo miezi ambayo Ruaha Mkuu wenyewe, kule juu kwenye hifadhi ya wanyama, hukatika na kubaki madimbwi ya viboko, hali inayojirudia karibu kila kiangazi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Maji yanaondoka, chumvi inabaki. Mwezi hadi mwezi naona kipimo cha chumvi kikipanda, hata pale kina kinaposhuka polepole na ofisini wanasema hali si mbaya.

Kuhusu kina chenyewe, mtu anadhani kuna chombo kinachokisoma bila kukosea. Vyombo vya kujisomea vipo. Paneli ya sola huibiwa, betri nayo hufuata, na kinachobaki ni nguzo yenye boksi tupu. Tunarudi kwenye vibao vya namba vilivyosimikwa majini, na mwanakijiji anayelipwa posho ndogo kuvisoma asubuhi na jioni. Maji yakishuka, kibao hubaki nchi kavu na ng'ombe hujikuna mgongo hapo mpaka kinalala. Posho ikichelewa, daftari hujazwa nyumbani. Nalijua daftari la nyumbani kwa kulitazama tu: wino mmoja, mwandiko mmoja usiobadilika, na kina kinashuka sentimita ileile kila siku kama vile upepo haujawahi kuvuma. Simlaumu. Kutoka kwake hadi kibaoni ni mwendo wa saa nzima, na njiani kuna tembo.

Maji yenyewe nayo hayafanani. Ruaha Mkuu unakuja umekwisha kupita Usangu, mashamba ya mpunga ya Mbarali na kinamasi cha Ihefu, na kinamasi kile huchuja tope jingi kabla mto haujatoka. Ruaha Mdogo unapita Iringa mjini, una maji mwaka mzima, na unabeba chochote ambacho mji umemwaga. Kizigo unatoka nyanda kame za kaskazini magharibi. Sehemu kubwa ya mwaka huo ni njia ya mchanga tu. Kisha inanyesha huko mbali, na kwa siku chache unashuka na rangi ya uji wa ulezi, umebeba magogo, mizoga na udongo. Hapo ndipo tope la mwaka linapoingia, na hapo ndipo sisi hatupo, kwa sababu barabara za kule zimekatika. Tunafika maji yametulia, tunachota chupa zetu, tunaandika kwamba tope ni la wastani.

Umeme ulipokuwa ukikatika, lawama zilikwenda kwa wakulima wa mpunga wa Usangu, baadaye kwa wafugaji. Watafiti waliokaa Usangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 walionyesha kwamba jambo si jepesi hivyo, na kwamba namna maji ya Mtera yanavyofunguliwa nayo ina uzito wake. Ugomvi huo nawaachia wakubwa. Ninachojua ni kwamba pande zote mbili zilibishana juu ya wingi wa maji, na hakuna aliyeuliza maji hayo yana hali gani.

Njoo Mtera mwezi Oktoba uone. Maji yamerudi nyuma kilomita kadhaa na kuacha uwanda wa udongo mweusi, na uwanda huo haukai bure hata wiki. Watu wanafuata maji yanavyorudi: mahindi, nyanya, matikiti, pampu ndogo za petroli zikinguruma toka alfajiri. Nyuma yao ng'ombe, maelfu. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema ziachwe mita 60 kutoka ukingoni. Ukingo upi? Ukipima kutoka maji ya leo, mwezi ujao yule uliyemruhusu yuko mbali na maji na mwingine amelima mbele yake. Ukipima kutoka mstari wa 698.5, basi kila anayelima humo ni mvunja sheria, na kijiji kizima kilale njaa. Mgambo wakipita, watu huondoka kwa siku mbili na kurudi. Nimesimama kwenye shamba la nyanya la mzee mmoja wa Kigogo, vifungashio vitupu vya dawa ya wadudu vikiwa vimetapakaa miguuni petu, nikimweleza habari ya maji. Akanisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Akaniuliza, "Mwanangu, huko juu palipokauka nikapande nini?" Sikuwa na jibu lililoandikwa kwenye fomu yangu.

Mvua zikija, maji hupanda juu ya hayo yote. Samadi ya miezi mitano, mabua, mbolea ya dukani, mabaki ya dawa, vyote vinafunikwa kwa wiki chache na kuanza kuoza. Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa kila anayesoma ripoti za maji alijue.

Mwaka mmoja, siku chache baada ya maji kupanda, mvuvi alinipigia usiku. "Mtaalamu, samaki wanahema." Nilikuwa nimelala kijijini kwa sababu gari lilikuwa limeharibika, vinginevyo nisingeona kitu. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa majini. Perege walikuwa wamejaa juu, midomo nje, hawamkimbii mtu. Watoto walikuwa wakiwaokota kwa mikono. Kambale peke yao hawakuwa na wasiwasi, maana wao huweza kuvuta hewa ya juu. Nikashusha kifaa cha oksijeni. Juu kilisoma miligramu 1 kwa lita. Chini, sifuri, na kamba ilipotoka ilinuka mayai viza.

Saa nane mchana tulirudi palepale. Maji ya kijani, jua kali, mwani unafanya kazi yake. Kifaa kilekile kilisoma zaidi ya 7. Mtu aliyefika saa hiyo angeandika "maji yana oksijeni ya kutosha", na angekuwa mkweli. Ndivyo ripoti nyingi zinavyoandikwa. Gari hutoka mjini saa mbili asubuhi, kuna mafuta ya kujaza na saini ya kusubiri, mwendo wa barabara ya Dodoma na Iringa, kisha kutafuta boti na mwenye boti. Kipimo cha kwanza huchukuliwa saa tano au saa sita, maji yanapokuwa yamekwisha kupona. Ukiona jedwali la oksijeni la bwawa lolote, kabla hujaangalia namba angalia saa. Kama saa haijaandikwa, namba haina kazi.

Chupa nazo zina safari yake. Sampuli ya kupima uchafu unaooza inatakiwa ikae kwenye baridi na ifike maabara haraka. Barafu tunanunua kwa wauza samaki. Ikiisha, imeisha. Nimepeleka chupa kwa basi la abiria, chini ya kiti, na majibu yakarudi mazuri kuliko maji yalivyokuwa, kwa sababu uchafu ulikwisha kuoza njiani. Dawa za kusahihishia vifaa hupitwa na muda, na maombi ya kununua mpya hukaa mezani mpaka mwaka wa fedha unafungwa.

Boti yenyewe ni kazi nyingine. Bwawa lilipojazwa, miti mingi iliachwa imesimama, na mpaka leo ipo, mikavu, mnandi wamekaa juu yake. Wapita njia hupiga picha. Sisi tunahesabu panga za injini zilizovunjika. Bwawa likijaa, visiki viko chini kidogo tu ya maji na huvioni. Kiboko humuoni pia. Ndiyo maana vipimo vingi huchukuliwa palepale karibu na tuta, ambapo ni salama na maji ni marefu, na jina la bwawa zima huandikwa juu ya kipimo cha kona moja.

Upande wa mashine, wenzangu wa zamu hawahitaji maabara. Maji yakishuka karibu na 690, mlango wa maji unakuwa jirani na tope, na machujio ya maji ya kupoozea mitambo yanaziba mara kwa mara. Mtu wa zamu atakwambia Kizigo umeshuka kabla ofisi yangu haijajua. Mchanga unasugua chuma, na chuma kikilika, maji yaleyale yanatoa umeme pungufu. Hilo halionekani kwenye kina.

Na kuna tope linalobaki. Namba ya kina hubadilishwa kuwa ujazo kwa jedwali, na jedwali hutengenezwa kwa kupima sakafu ya bwawa. Sakafu ikipanda kwa udongo, jedwali la zamani linaendelea kukupa maji ambayo mahali pake pamekaliwa na matope. Tatizo hili si la Mtera peke yake. Masinga kule Kenya, bwawa la akiba la Mto Tana lililokamilika 1981, linameza udongo wa mashamba ya milimani kila masika. Dawa yake inajulikana: boti yenye kifaa cha kupima sakafu kwa mawimbi ya sauti, kila baada ya miaka michache, na jedwali jipya. Hakuna anayekata utepe kwa ajili ya jedwali, kwa hiyo fedha zake ndizo za kwanza kuondolewa kwenye bajeti.

Oktoba 2015, ukame ulipofikia mahali pa nchi kuzima mitambo yake ya umeme wa maji, waandishi walikuja Mtera kupiga picha za udongo uliopasuka. Maswali yao yote yalikuwa ya kina. Mvua ziliporudi na namba ikapanda, hakuna aliyerudi. Wakati huo ndio maji yalikuwa mabaya zaidi.

Siku hizi macho yako Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Ruaha Mkuu unaingia Rufiji juu ya bwawa hilo, kwa hiyo yanayopita kwetu yanaelekea huko. Lile ni bwawa jipya, na ardhi iliyozama bado ina mabaki ya kuoza. Wenzetu wa huko wapewe boti, barafu, na posho ya kulala ili wapime alfajiri. Wapime sakafu sasa, wangali na ya kulinganisha nayo. Nanyi mnaosikiliza redio, wakitaja kina ulizeni na haya: oksijeni ilipimwa saa ngapi, tope ni kiasi gani, na jedwali la ujazo ni la mwaka gani.