Lalago, Baada ya Swala ya Alfajiri

Msafiri atokaye Bariadi kwenda Lalago hufuata barabara ya lami hadi Maswa, mji ambao wenyeji wengi bado huuita Nyalikungu, kisha huiacha njia kuu na kuelekea kusini-mashariki. Hapo ndipo nchi inapojitandaza. Macho hayapati kizuizi isipokuwa mibuyu iliyosimama mbalimbali, nyua za minyaa zinazozunguka miji ya watu, makundi ya ng'ombe, na mashamba ya pamba yanayofika hadi ukingo wa mbingu. Udongo hubadilika chini ya miguu: hapa mchanga mwekundu, pale udongo mweusi wa mbuga, ambao kiangazi hupasuka nyufa na masika hunata kama gundi.

Lalago ni kata ya Wilaya ya Maswa. Zamani ilihesabiwa katika Mkoa wa Shinyanga, mpaka Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012. Pamoja na utulivu wake, mahali hapa ni njia panda. Barabara itokayo Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga, hupita hapa kwenda Mwanhuzi wilayani Meatu, huvuka mto Sibiti, na kuendelea hadi Matala na nyanda za juu za Karatu. Msimu wa pamba malori hupita usiku na mchana, na vumbi lake huchukua muda mrefu kutua.

Tulifika huko wakati wa kiangazi kwa shughuli za kamati ya msikiti, tukakaa siku kadhaa. Waislamu wa pande hizi si wengi, lakini wanajuana kwa majina, kwa watoto na kwa madeni ya dukani. Hata hivyo, tunachowaletea wasomaji wa kurasa hizi za familia si habari ya pamba wala ya barabara. Ni habari ya mzee mmoja mwenye umri wa miaka 64, ambaye kila tulipomaliza swala ya alfajiri alikaa kitako akaleta nyiradi zake, akangoja nuru ienee, kisha akavaa raba zake mlangoni mwa msikiti na kuondoka mbio. Jina lake tunalihifadhi kwa ombi lake. Anachelea, asema, jambo aliloanza kwa ajili ya Allah lisije likaishia katika sifa za watu.

Mzee huyu ni mkulima wa pamba na mtama, na siku za mnada hushona nguo kwa cherehani yake. Miaka miwili iliyopita alipimwa zahanati akaambiwa kuwa shinikizo lake la damu limepanda. Alipewa dawa, akahimizwa apunguze chumvi na atembee kila siku. Mwaka huohuo rafiki yake wa rika moja alirejea kutoka Hijja, akamsimulia jinsi miguu ilivyomshinda. Kwenda baina ya Safa na Marwa mara saba ni mwendo wa yapata kilomita 3, na hiyo ni baada ya tawafu, na kabla ya Mina, Arafa na Muzdalifa pamoja na msongamano wake. Rafiki huyo alilazimika kusukumwa katika kiti cha magurudumu. Hijja yake haina dosari kwa hilo, kwani dini yetu ni nyepesi kwa mwenye udhuru. Lakini mzee wetu, ambaye amekuwa akiweka akiba ya pamba kwa miaka mingi ili atimize nguzo hiyo ya tano, alijiuliza swali zito: je, yeye ana udhuru, au ana uvivu tu?

Alianza kwa kutembea. Miezi mitatu ya kwanza hakukimbia hata hatua moja. Alikwenda hadi kwenye mbuyu mmoja mkubwa kando ya barabara na kurudi. Mwezi wa nne akaanza kuzihesabu nguzo za umeme. Alikimbia polepole kutoka nguzo moja hadi ya pili, kisha akatembea nguzo tatu ili apate pumzi. Baada ya wiki chache akakimbia mbili na kutembea tatu. Kisha mbili kwa mbili. Kijana wa bodaboda alimpimia njia kwa pikipiki yake, ikajulikana kuwa kutoka msikitini hadi kwenye kalvati fulani na kurudi ni kilomita 5. Mara ya kwanza alipoimaliza njia hiyo kwa kuchanganya mbio na mwendo, saa yake ilionyesha dakika 51. Mwaka mmoja baadaye alitumia dakika 42. Tulipokuwa naye ilikuwa 37, na hakuwa akisimama popote.

Yote hayo ameyaandika katika daftari la shule la mjukuu wake. Kila siku ina mstari mmoja: tarehe, muda, na neno moja au mawili kama "upepo," "goti," "vizuri." Tulipolifungua tuliona pia mistari mitupu. Mwezi wa kwanza wa kupanda pamba karibu wote ni mtupu, kwa sababu kazi ya jembe haimwachii mkulima miguu ya ziada. Masika dakika zimeongezeka badala ya kupungua, kwa kuwa udongo wa mbuga hushika viatu na mtu hubeba shamba zima nyayoni. Ramadhani aliacha mbio akatembea kidogo kabla ya kufuturu. Safari moja aliwafuata vijana waliokuwa wakielekea uwanja wa mpira, akataka kuwaonyesha. Msuli wa kigimbi ukamkamata akalala wiki tatu.

"Wanangu," alituambia akilifunga daftari, "maendeleo ni kama ndama. Ukimtazama kila siku humwoni akikua. Nenda safari urudi, utamkuta fahali."

Lakini shida yake kubwa haikuwa kigimbi. Ilikuwa maneno ya watu. Katika nchi hii, mzee anayeonekana peke yake nje alfajiri, akienda mbio bila ng'ombe wa kumfuata wala basi la kuwahi, huulizwa maswali nyuma ya mgongo wake. Wapo waliocheka na kusema akili imeanza kumtoka. Wapo walionong'ona mabaya zaidi. Hatuna haja ya kuyarudia, maana kila aliyekulia Usukuma anajua tuhuma za uchawi zimewafikisha wapi wazee wetu, hasa mabibi wenye macho mekundu ya moshi wa jikoni. Minong'ono ya namna hiyo si ya kupuuzwa. Mke wake aliogopa. Wanawe wa kiume waliitisha kikao cha familia, wakamtaka baba yao aache jambo hilo, aepushe nyumba na balaa.

Mzee hakugombana nao. Alikubali hofu yao kuwa ni ya haki, kisha akaomba wakae pamoja na imamu. Katika kikao hicho ilikubaliwa mambo matatu. Kwanza, asitoke kabla nuru haijaenea. Pale Lalago, zaidi kidogo ya digrii tatu kusini mwa ikweta, jua huchomoza yapata saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, basi muda baada ya swala unatosha. Pili, asitoke peke yake. Mjukuu wake wa darasa la sita afuatane naye kwa baiskeli. Tatu, jambo lenyewe litangazwe waziwazi, kwa jirani Mwislamu na asiye Mwislamu, kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa wauza chai wa njia panda, kwamba mzee anatibu shinikizo la damu na anajiandaa kwa Hijja. Siri huzaa minong'ono. Jambo la wazi halina wa kulinong'ona. Tulipopita naye asubuhi moja, kinamama waliokuwa wakienda kisimani walimpigia kelele ya furaha, "Mwangaluka, babu!" naye akawaitikia bila kupunguza mwendo.

Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kukimbia hakuendani na heshima ya mtu mzima. Tuwakumbushe kuwa Mtume wetu (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe Bi. Aisha (R.A.) wakiwa safarini, mara ya kwanza Bi. Aisha akashinda, na miaka ikapita, mwili wa Bi. Aisha ukawa mzito, wakashindana tena, Mtume akashinda, akamtania kuwa hiyo ni malipo ya ile. Habari hii imo katika Sunan ya Abu Dawud. Salama bin Al-Akwa (R.A.) alisifika miongoni mwa Masahaba kwa kasi ya miguu yake. Na kila mwanamume mwenye kuhiji au kufanya umra, akiweza, anakimbia kidogo kidogo baina ya alama mbili za kijani kati ya Safa na Marwa, kumkumbuka mama aliyehangaika kumtafutia mwanawe maji. Kwa upande mwingine, dini hiyohiyo imetukataza kukimbilia swala iliyokwisha kukimiwa, ikatuamrisha twende kwa utulivu. Mzee wetu ameyashika yote mawili: huenda msikitini kwa hatua za taratibu, akitoka humo ndipo hukimbia.

Wataalamu wa tiba nao hawako mbali na mafundisho haya. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawashauri watu wazima, wakiwemo wazee, wafanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, au yale makali zaidi kwa dakika 75 hadi 150. Wazee waongeze mazoezi ya kuimarisha misuli na ya kujiweka sawa wasianguke. Moyo ni msuli. Unapozoeshwa kidogo kidogo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na mishipa hulainika. Umri hupunguza uwezo huo, lakini mazoezi hupunguza kasi ya upungufu. Ndiyo maana mtu anayeanza akiwa na miaka 60 huweza kuwa na nguvu kuliko alivyokuwa na miaka 58.

Mfano wa mbali ni wa Ed Whitlock wa Kanada. Mzee huyo alifanya mazoezi kwa kuzunguka makaburini karibu na nyumbani kwake, saa nyingi, kwa mwendo wa polepole. Mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alikimbia marathoni mjini Toronto kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48. Mwaka 2016, akiwa na miaka 85, aliimaliza tena chini ya saa 4. Mwaka uliofuata alifariki dunia. Kuna mazingatio kwa mtu anayeitunza afya yake huku akiyatazama makaburi kila siku.

Mifano ya karibu iko upande wa mashariki wa barabara hiihii ya Lalago. Ukivuka Sibiti na kusonga mbele utakaribia Mbulu, nyumbani kwa John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa wa mwisho, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Dunia imemsahau mshindi, yeye haijamsahau. Na Singida jirani ndiko alikotoka Alphonce Simbu, ambaye Septemba 2025 mjini Tokyo alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwenye utepe, tofauti yao ikiwa chini ya sekunde moja. Tulimsimulia mzee habari hizo tukila michembe na karanga. Alimpenda Simbu, lakini aliuliza mara mbili habari za Akhwari.

Sasa hayuko peke yake. Wazee wengine watatu wamejiunga naye, mmoja wao si Mwislamu. Wawili hutembea tu. Mke wake naye, aliyeogopa kuliko wote, huzunguka uwanja wa nyumba yao kila jioni na binti zake, akiwa amejisitiri, akihesabu mizunguko kwa tasbihi. Shinikizo la mzee limeshuka, ingawa bado anatumia dawa, na mganga wa zahanati amemwambia asiziache kwa kujiona mzima.

Ndugu wasomaji, katika familia zetu kuna baba na mama wanaokaa kitini tangu adhuhuri hadi isha kwa sababu sisi watoto tumewaambia wapumzike. Tunadhani tunawatendea wema. Tuwapeleke kwanza wakapimwe; kisha tuwape viatu vinavyowatosha na mtoto wa kufuatana nao. Waanze kwa kutembea, na watakapokimbia wakimbie kwa mwendo unaowaruhusu kuzungumza. Wakishindwa kumaliza sentensi, wapunguze. Wakisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, wasimame na kumwona daktari. Wapumzike siku moja au mbili kila wiki. Mzee wa Lalago hutembea tu Jumatatu na Alhamisi, siku anazofunga sunna. Na amali ipendezayo zaidi kwa Allah, kama tulivyofundishwa, ni ile inayodumu hata ikiwa ndogo.

Mzee bado hajapata fedha zote za safari. Bei ya pamba hupanda na kushuka, naye hawezi kuiamuru. Anachoweza kukiandaa ni mwili, na anauandaa nguzo baada ya nguzo. Tunamwomba Allah (S.W.) amfikishe kwenye Nyumba Yake Tukufu, na aijalie miguu yake imbebe yenyewe baina ya Safa na Marwa, mara zote saba. Amin.