Cheti Kilichochelewa

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu kwamba siku ya mwisho ni siku ya mwisho. Niliamini hivyo hata nilipoketi katika kikao cha rufaa za mitihani, mbele yetu likiwa jalada la kijana aliyekosa mtihani kwa ugonjwa. Cheti cha daktari kilikuwa kimefika siku tisa baada ya muda. Mimi ndiye niliyependekeza kisipokelewe. Akarudia mwaka.

Nilimkumbuka juzi nikiandaa mhadhara kuhusu maumbo ya bidhaa yaliyosajiliwa katika Umoja wa Ulaya. Kanuni namba 6 ya mwaka 2002, ibara ya 63, inasema kwamba ofisi ya usajili inaweza kupuuza ushahidi ulioletwa nje ya muda. Inaweza, haisemi ni lazima. Mwaka 2007, katika shauri la Kaul lililohusu alama ya biashara, mahakama ya juu ya Umoja huo ililipima neno kama hilo: mchelewaji hana haki ya kudai asikilizwe, lakini ofisi nayo ina wajibu wa kupima na kutoa sababu. Je, ushahidi huo una uzito? Je, shauri limefikia hatua gani?

Kinachobishaniwa si kidogo. Chukua viatu vya Crocs, vile vya matundu ambavyo mifano yake imejaa katika masoko yetu. Umbo lake lilisajiliwa Ulaya, lakini mwaka 2018 mahakama ilikubali kwamba usajili huo ni batili, kwa kuwa viatu vilikwisha kuonyeshwa hadharani, pamoja na kwenye maonyesho ya boti huko Florida mwaka 2002, kabla ya ule mwaka mmoja wa msamaha ambao sheria humpa mbunifu. Sasa tujiulize: kama uthibitisho wa maonyesho hayo ungefika siku tisa baada ya muda, ingekuwa haki kuufumbia macho? Usajili huweza kudumu miaka 25, nao huwafunga hata mafundi na wachuuzi ambao hawakuwamo shaurini.

Sitetei uzembe. Wapo wanaoficha karata ili wamvizie mwenzao kwenye rufaa, na anayeibua umbo jingine kabisa dakika za mwisho haongezi ushahidi. Anafungua kesi mpya. Hao nami ningewafungia mlango. Lakini anayekamilisha jambo alilokwisha kulitaja mapema ni mtu mwingine.

Kijana wetu alikuwa ameutaja ugonjwa wake tangu barua ya kwanza. Hatukupima lolote. Kumbukumbu za kikao, ambazo nilizitia saini, zina maneno mawili tu: “Umechelewa. Limefungwa.” Cheti chenyewe kilibaki ndani ya bahasha, na bahasha hiyo hatukuifungua.