Mgongo wa Mwezi wa Saba

Asemaye Kenya haina majira ya baridi hajawahi kungoja matatu Ruiru alfajiri ya mwezi wa saba. Mawingu hutanda kuanzia Juni, na hadi Agosti jua huonekana kwa kubahatisha. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 12 au 13, na nyumba zetu za mawe hazikujengewa moto. Kiungo cha kwanza kulalamika ni kiuno.

Utotoni mwangu, miaka ya 1980, maumivu hayo yalikuwa maradhi ya shambani. Kahawa ilitanda Ruiru hadi Thika, na zao la mapema huiva katika baridi hiyo hiyo. Mama alichuma akilipwa kwa debe, miguu ndani ya umande, kisha akarudi na kuni mgongoni, kamba imepita utosini. Jioni cucu, nyanya yetu, alimkanda kiuno kwa kitambaa cha maji moto yenye chumvi, huku jiko la makaa likiwaka kando yao. Kesho yake alikuwa shambani tena. Si kwamba hakuumia. Kulala hakukuwa na malipo.

Baba, aliyefanya kazi kiwandani Thika, alikuwa na daktari. Kiuno kilipomshika, aliagizwa alale chali juu ya mbao, godoro likaondolewa, nasi watoto tukakatazwa kelele. Alipoinuka, alikuwa amekakamaa kuliko alivyolala. Hakuna wa kulaumiwa: siku hizo madaktari wa nchi nyingi waliagiza hivyo. Mwaka 1995 ndipo watafiti wa Finland walipochapisha matokeo ya wafanyakazi wa jiji la Helsinki waliopatwa na maumivu ya ghafla ya kiuno. Walioendelea na shughuli zao kadiri walivyoweza walipona upesi kuliko walioagizwa kulala, na hao walilala siku mbili tu.

Kisha ikaja barabara. Rais Kibaki alizindua Thika Superhighway Novemba 2012, kilomita 50 hivi kutoka Nairobi hadi Thika, na kahawa ikazidi kung'olewa kupisha maghorofa. Tatu City yenyewe imesimama juu ya mashamba ya kahawa. Sisi watoto wa wachumaji tukawa watu wa kukaa: ndani ya matatu, mbele ya kompyuta, kisha kochini chini ya blanketi. Hatubebi chochote, na bado Julai ikifika tunashika viuno tukipanda ngazi.

Mimi nilinyooshwa na mtaalamu wa fiziotherapia, binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza. "Mzee," aliniambia, "baridi haivunji mgongo. Inakufungia ndani tu." Akanieleza kwamba gegedu zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hunyonya maji usiku zikajaa, ndiyo maana asubuhi kuinama ni taabu. Kwa hiyo ninapoamka sikimbilii kuinamia viatu. Nakunja magoti nikiwa bado kitandani, nayalaza polepole kulia na kushoto, naweka chupa ya maji moto iliyofungwa taulo, kisha natoka kutembea, ukungu au manyunyu. Mikanda ya kiuno sijanunua. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza mazoezi na kumwelimisha mgonjwa. Mikanda hiyo hauipendekezi.

Kitambaa cha cucu bado nakiheshimu, maana joto hulegeza misuli. Jiko lake ndilo lisiloingia chumbani kwangu: makaa katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini. Nawe ukiona mguu unakufa ganzi au kulegea, au haja inakutoka bila hiari, usingoje Agosti wala usipake dawa ya kuchua. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.