Mutwangio wa mto

Mwaka 1983 nilikuwa na miaka 13, na nilichokitamani Kongolo kilikuwa soko lake, si mawe. Mjomba wangu alikuwa mtu wa reli. Alinivusha Lualaba kutoka upande wetu wa Kasongo, tukangoja treni Samba usiku kucha, tukafika Kongolo vumbi limejaa hadi kwenye nyusi. Kesho yake, badala ya kwenda sokoni, alinipakia kwenye baiskeli tukafuata mto unakoteremkia, hadi mahali Wabelgiji walipopaita Portes d'Enfer, yaani milango ya jehanamu.

Hapo Lualaba, uliokuja mpana na mvivu tangu Bukama, hubanwa na miamba ukaanza kunguruma. Sisi wa Kasongo tunaudai mlango huo: ndio unaozuia mashua za Kongolo zisitufikie, na ndio uliowafanya Wabelgiji watandike reli ya kilomita 355 kutoka Kindu, wauzunguke mto kwa chuma.

Kilikuwa kiangazi, maji yamepungua, mwamba uko wazi. Ulikuwa na mashimo ya mviringo, laini kama kinu cha bibi. Mjomba alitumbukiza mkono katika shimo moja hadi begani, akatoa jiwe la duara, kubwa kama chungwa.

“Ona mutwangio wa mto.”

Akanieleza kwamba mvua zikija, maji huzungusha mawe humo ndani. Jiwe linausaga mwamba, mwamba unalisaga jiwe, na shimo linazidi kuzama.

“Mjomba, soko litafungwa,” nikamjibu.

Alilirudisha jiwe taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Alipoenda kuinua baiskeli, nikalichomoa nikalitia mfukoni. Mpaka leo sijui kwa nini. Sikulipenda hata kidogo.

Mama alilitumia miaka mingi kuvunjia kokwa za ngazi, yaani chikichi. Vita vilipofika kwetu tulikimbia na sufuria, mkeka na mbuzi mmoja. Tuliporudi, nyumba haikuwa na bati wala milango, na jikoni pameota nyasi. Mjomba alifariki kabla sijamwambia.

Siku hizi nakaa Kabambare. Vijana wa hapa wanatwanga mawe kutafuta dhahabu, na mwamba wa asubuhi unakuwa unga kabla ya adhuhuri. Mlio huo ukinipata kitandani nakumbuka lile shimo. Nadhani maji yalishaliangushia jiwe jingine. Au limejaa mchanga tu.

Mtoto wangu wa mwisho ametimiza miaka 13, anataka nimpeleke huko. Treni siku hizi hupita ikijisikia. Kwa pikipiki nimepiga hesabu ya petroli mara tatu, na mara tatu nimeikunja karatasi. Yeye hangoji hesabu. Ameshaokota jiwe la duara kwenye mto Luama, amelificha chini ya kitanda. Jana nililitoa nikalipima kiganjani. Ukubwa ni uleule, ila lina ufa ubavuni.