Moshi si Mapambo ya Picha

Wasee, leo tuongee kuhusu moto. Si moto wa ngoma mpya. Ule wenyewe, unaokula mlima.

Januari hadi Machi ndio msimu wetu wa kupanda milima: hakuna matope, kilele kinaonekana. Shida ni kwamba hicho kiangazi moto nao unakipenda. Machi 2012 Mlima Kenya uliwaka. 2019 ukawaka tena. Februari 2022 ikawa zamu ya Aberdare. Cheki hizo tarehe vizuri.

Mimi niliuona mmoja nikiwa Elephant Hill, juu ya Njabini. Mwanzo nilidhani ni ukungu, maana huko juu ukungu ni kawaida. Lakini huu ulikuwa wa rangi ya kahawia, umelalia upande mmoja, na unanuka nyasi iliyoungua. Upepo ulipogeuka tukaona mstari mwembamba mwekundu ukitambaa kwenye mgongo wa mlima wa mbali. Kimya kabisa. Hiyo ndiyo ilinitisha: kitu kinakula msitu na hukisikii.

Simu zikatoka. "Simama hapo, moshi umetokea poa sana!" Afande wa msitu aliyetusindikiza naye alitoa yake, lakini akapiga kituoni: akataja bonde, akataja upepo unaelekea wapi. Halafu akatuambia, "Vijana, tunashuka." Jamaa mmoja akauliza kama tunaweza kugusa kilele kwanza. Afande alimtazama tu.

Tukishuka tulipishana na wanakijiji wakipanda na panga na matawi mabichi. Gari la zimamoto lingepita wapi kule? Moto wa mlima unapigwa kwa matawi, mtu akiwa ndani ya moshi.

Najua msee wa Nairobi atasema hayo ni ya watu wa Kinangop. Sawa, na maji ya bomba lako yanatoka wapi? Mabwawa ya Sasumua na Ndakaini yote yanategemea Aberdare. Nyasi na vichaka vya huko juu ni kama sponji: vinashika mvua na ukungu, kisha vinaachilia maji pole pole. Vikiungua, mvua inashuka na majivu na udongo.

Na mara nyingi chanzo ni mkono wa mtu: mrina asali, mchoma makaa, mfugaji anayetaka nyasi changa, ama mmoja wetu aliyeacha kuni zikifuka baada ya chai.

Sisemi usipige picha. Picha yenye mahali na saa inaweza kumsaidia anayeenda kuuzima. Ila piga simu kwanza, shuka, ndio uposti. Chai beba kwa thamosi. Na kabla ya safari yako ijayo, weka namba ya kituo cha msitu cha huko unakoenda. Ni dakika moja tu. Saa hii, unayo?