Tapentaini Kwenye Chupa ya Soda

Msomaji mpenzi, mimi ndiye niliyeitia tapentaini ndani ya chupa ya soda. Naanza na hilo kwa sababu kisa hiki nimekwisha kukisimulia mara nyingi hapa Ikuti, na kila mara nilikuwa nakizunguka. Nilikuwa nasema, "Mtoto alikunywa tapentaini." Sikuwa nasema ni nani aliyeiweka pale mkono wake ulipofika.

Wasioijua Ikuti, iko wilaya ya Rungwe, huku milimani ambako mvua ikianza haijui kuaga. Tuna migomba, chai, maharage, na tuna miti ya mbao. Misindano, ambayo wengi wetu tunaiita mipaini, si miti ya asili ya huku. Aina inayopandwa zaidi, Pinus patula, ilitoka Mexico. Lakini ukizaliwa ukaikuta, utadhani Mungu aliiumba pamoja na mlima Rungwe wenyewe. Serikali ina shamba lake la miti la Kiwira, na wananchi nao wamepanda kwenye vishamba vyao, kila mmoja akihesabu miaka mpaka siku ya kuvuna.

Nilipomaliza kidato cha nne matokeo yalikuja kama yalivyokuja, nikaingia kwa fundi seremala. Mchana napiga randa, usiku naandika riwaya kwenye kaunta buku. Riwaya yenyewe inamhusu kijana wa Tukuyu anayekimbilia Dar es Salaam kutafuta maisha. Ninyi wenzangu mnaoandika mnaijua hiyo riwaya; kila mmoja wetu anayo moja chini ya godoro. Katika sura ya kwanza niliandika kurasa tatu nzima juu ya harufu ya mbao mbichi za mpaini. Kijana wangu yuko Kariakoo, hana pa kulala, anapita mbele ya karakana, ananusa mbao zinazopasuliwa, machozi yanamtoka. Nilizipenda kurasa zile. Niliandika kwamba harufu ile ni safi, haina dhambi. Ndivyo nilivyoandika, jamani: haina dhambi.

Sasa nirudi kwenye chupa.

Ilikuwa Aprili 2023, masika yamekolea. Dada yangu alikuwa ameniomba nimpigie vanishi kabati la vyombo. Vanishi ilikuwa nzito, na mimi nilitaka kuilainisha. Pale karakanani fundi ana kopo lake la bati la tapentaini, analitumia kuondoa utomvu unaonata kwenye msumeno na kuoshea brashi. Kopo lina alama ya moto na alama nyingine ambayo sikuwahi kusimama kuisoma. Hulifungia sandukuni. Nikamwomba kidogo, akanipimia kama robo lita. "Utabebea nini?" akauliza. Nikaokota chupa ya plastiki ya soda nyeupe, nikaisuuza, nikamimina. Fundi akaniangalia. "Mwanangu, hiyo si chupa yake," akasema. Nikamjibu, "Ni ya leo tu, fundi."

Siku hiyo mvua ilinyesha, kabati halikupigwa vanishi. Chupa nikaiweka chini, nyuma ya mlango. Ikakaa siku nne.

Mpwa wangu alikuwa na miaka mitatu wakati ule. Nilikuwa mezani naandika nikasikia kikohozi, kisha sauti yake: "Mjomba, soda inawasha." Nilipogeuka alikuwa ameishika chupa kwa mikono miwili, kifuniko kiko sakafuni, na nyumba nzima inanukia msitu.

Sijui alimeza kiasi gani. Labda funda mbili. Bibi alikuja mbio kutoka jikoni akisema apewe maziwa. Jirani akasema apewe mafuta ya kula. Dada alikuwa analia tu. Mimi nikafanya nilichoona ni cha kiume: nikamshika mtoto, nikamwinamisha, nikamtia vidole kooni mpaka akatapika. Nilijiona nimemwokoa. Ndipo kikohozi kilipoanza kweli kweli, cha kukata pumzi, midomo ikabadilika rangi. Tukapanda bodaboda, mimi nyuma nimemfunika kwa koti, dada kwenye nyingine, tope mpaka magotini. Tulifika hospitali Tukuyu giza limeingia.

Daktari aliuliza maswali matatu. Amekunywa nini? Nikampa ile chupa. Saa ngapi? Nikamwambia. Ametapika? Nikasema kwa fahari kidogo, "Nimemtapisha, daktari." Hakunigombeza. Aliandika tu, akamwekea mtoto oksijeni, akaagiza picha ya kifua.

Usiku ule kwenye benchi ndipo aliponieleza. Alisema tumbo linaweza kuvumilia, lakini mapafu hayavumilii. Mafuta kama tapentaini ni mepesi, yanateleza na kusambaa upesi. Yakiwa tumboni, sehemu ya hatari imepita. Ukimtapisha mtu unayarudisha kooni, na tone likikosea njia likaingia kwenye mapafu linaleta nimonia ambayo haitokani na vijidudu bali na kuungua. Kwa hiyo aliyekunywa tapentaini, mafuta ya taa au petroli hatapishwi. Maziwa na mafuta ya kula naye hapewi, kwani yanaweza kumfanya atapike mwenyewe. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni na maji, mkalishe wima, beba chupa, kimbia hospitali. Hata kama anaonekana mzima, kimbia, maana kifua kinaweza kuanza kubana baada ya saa kadhaa. Wala hakuna dawa ya kuifuta tapentaini mwilini. Kuna oksijeni, kuna kuangaliwa, kuna kungoja.

Tukangoja. Asubuhi ya pili dada alifua shuka la mtoto, akaja kuniambia kwamba mkojo wake unanukia manukato, kama maua. Nikadhani usingizi umemchanganya. Siku nyingi baadaye nilikuta jambo hilo limeandikwa: mtu aliyeingiwa na tapentaini, mkojo wake huweza kunukia kama maua ya vayoleti. Mimi mwandishi nisingethubutu kulitunga.

Siku ya tano tuliruhusiwa. Bibi alimshika daktari mkono akasema, "Ndaga fijo, ndaga fijo," mpaka daktari akaona haya.

Nikiwa nyumbani sikuweza kuandika. Nilimtafuta rafiki yangu anayesoma kemia chuoni, nikamwambia nataka kuijua hii harufu ni kitu gani hasa. Nilichokipata nitakieleza kwa kifupi, maana naamini wengi wenu mnaishi nacho nyumbani bila kujuana.

Mpaini ukijeruhiwa hutoa utomvu kuziba kidonda. Kule Sao Hill, Mufindi, siku hizi utomvu huo unagemwa kwa biashara: gome linakwanguliwa, mfuko unafungwa chini ya jeraha, utomvu unadondokea humo. Ukiuchemsha na kuukusanya mvuke wake unapata tapentaini, na kinachobaki ni ile gundi ngumu ya rangi ya kaharabu ambayo wapiga fidla huisugua kwenye upinde. Ndani ya tapentaini kitu kikubwa kinaitwa alfa-pineni. Ni kimiminika kisicho na rangi, chepesi kuliko maji, hakichanganyiki na maji. Kila chembe yake ina kaboni 10 na haidrojeni 16. Huchemka kwenye nyuzi 156 hivi. Mjerumani Otto Wallach, aliyechambua jamii nzima ya mafuta haya ya mimea, alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1910.

Kumbe hicho ndicho kinachonukia kwenye mbao. Na kumbe hakiko kwenye mpaini peke yake. Kimo kwenye rozmari, kwenye kungumanga, kwenye pilipili manga, kwenye ubani. Kinywaji cha jini hukipata kutoka kwenye tunda la mreteni. Viwandani wanakitoa kwenye tapentaini, wanakisafisha, wanakitia kwenye sabuni, kwenye dawa za kusafishia vyoo, kwenye marashi, na hata kwenye peremende na vinywaji. Kutoka humo humo wanatengeneza pia kafuri ya kiwandani, na harufu nyingine ambazo ukizinusa hutakumbuka mpaini hata kidogo.

Hapo ndipo nilipokwama. Nikamwuliza rafiki yangu, inakuwaje kitu kimoja kiwe kwenye peremende na kiwe pia kwenye chupa iliyotaka kumwua mpwa wangu? Akacheka. "Kaka, kwani chumvi?" Kisha akanieleza. Kwenye chakula hutiwa gramu chache, pengine makumi ya gramu, kwa tani nzima. Kwa viwango hivyo kamati ya wataalamu wa FAO na WHO haikuona hatari. Lakini tapentaini ya fundi ni mafuta yenyewe, hayajatiwa kitu cha kuyapunguza makali, na imewahi kuandikwa kwamba kiasi cha kijiko kikubwa kimoja kimemwua mtoto mdogo. Pua haijui kuhesabu. Pua inasema "mpaini" kwa gramu moja na kwa ndoo.

Akaniuliza na mimi: "Mikono yako vipi?" Nikashangaa amejuaje. Kwa mwaka mzima nilikuwa na vipele vya kuwasha kati ya vidole, na fundi alidhani ni vumbi la mbao. Nilikuwa nanawa mikono kwa tapentaini kila jioni, tena ile iliyokaa nusu kopo miezi na miezi. Akasema alfa-pineni ikikutana na hewa inageuka taratibu, inazaa peroksidi, na hizo ndizo zinazoifundisha ngozi kuchukia. Ngozi ikishajifunza haisahau kwa urahisi. Ndiyo sababu IFRA, shirika la kimataifa la watu wa manukato, linataka mafuta ya jamii ya mpaini yasizidi milimoli 10 za peroksidi kwa lita. Sisi karakanani hatuna cha kupimia, ila tunaweza kununua kidogo, kufunga vizuri, kuweka mahali pa baridi pasipo jua, na kunawa kwa sabuni. Niliacha kunawa nayo, vipele vikaondoka.

La mwisho ni moto. Mvuke wa alfa-pineni unaweza kudaka moto ikifika nyuzi 33 hivi. Bati la paa letu kiangazi linapita hapo. Tena mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni mpaka kwenye jiko la mkaa upande wa pili wa chumba. Nami chupa niliiweka chini, nyuma ya mlango, hatua tano kutoka jikoni kwa bibi. Ukipiga vanishi fungua madirisha, zima jiko. Na matambara yenye mafuta ya kupakia mbao usiyarundike pembeni. Yanaweza kupata joto yenyewe yakawaka. Yatandaze nje yakauke.

Fundi hakuniambia "nilikuambia." Alichofanya ni kubandika karatasi kwenye sanduku, mwandiko wake mbaya: HAITOKI BILA KOPO LAKE. Alama ile ya pili ambayo sikuwahi kuisoma, siku hiyo niliisoma. Ni picha ya mtu, kifua chake kimepasuka.

Zile kurasa tatu za riwaya nimezikata. Si kwa sababu harufu ya mbao imekuwa mbaya kwangu. Bado naipenda, na mbao zenyewe hazikumkosea mtu. Nimezikata kwa sababu niliandika juu ya kitu ambacho sikukijua, nikakipa utakatifu kwa kuwa kinanukia vizuri. Sasa yule kijana wangu wa Kariakoo anapopita karakanani analia vile vile, lakini kuna mtoto anacheza chini, karibu na makopo, na kijana anafuta machozi haraka ili aangalie mtoto ameshika nini.

Mpwa wangu ni mzima. Kikohozi kilimsumbua mpaka kiangazi, kikaisha. Amesahau. Akiniona natoka kazini ananikimbilia, ananusa shati langu, anasema, "Mjomba unanukia mti."

Dada hajasahau. Hajawahi kunitamkia neno baya, msomaji. Lakini nikileta soda nyumbani, hata kama imefungwa na kiwanda, anaifungua mwenyewe, anaipeleka puani, ananusa polepole, ndipo anammiminia mtoto. Nami nasimama pale mlangoni nangoja amalize.